Mpiga Besi, Shangazi na Taa Nyekundu

Amplifaya za besi za siku hizi zina kasoro moja: hazitishi. Mpiga besi wetu aliingia kwenye ukumbi wa harusi Sinza, Dar es Salaam, na ya kwake kwenye begi la kompyuta. Kilo mbili na nusu hivi, wati 500, na begi bado lilikuwa na nafasi ya kandambili. Ile ya zamani ilibebwa na watu wawili, na mmoja lazima alalamikie mgongo. Wepesi huo hauna uchawi. Transfoma kubwa ya chuma imeondolewa, umeme unakatwakatwa kwa kasi ili transfoma ndogo sana itoshe, na kipaza chenyewe ni cha daraja D, hakipotezi umeme mwingi kwenye joto, kwa hiyo hakihitaji bati zito la kupoozea. Nilimweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaigeuza ile amplifaya juu chini, akaipima mkononi, na nikaona kabisa usoni kwamba hajaamini.

Mtu asiyeamini hufanya kitu kimoja tu: huzungusha kulia.

Tuelewane kidogo hapa, maana bila hivyo kilichotokea hakieleweki. Geini ni kitufe cha kuzungusha kilicho mwanzoni, kinaamua ishara ya gita iingie na nguvu kiasi gani. Masta ni kingine kilicho mwishoni, kinaamua boksi la spika lililo nyuma yako lipige kelele kiasi gani. Tundu la DI, linaloleta besi kwangu mimi fundi sauti kwenye mikisa, kwenye amplifaya nyingi linatoka kabla ya masta. Ukigusa masta, mimi sipati habari. Ukigusa geini, ukumbi mzima unapata habari. Halafu zile wati 500 ni kwa boksi lenye ukinzani wa umeme wa omu 4. Yeye alikuja na moja la omu 8, ambalo hapo linapata 250 hadi 300 hivi. Linatosha kabisa kujisikia jukwaani. Ukumbi ni kazi ya spika zangu.

Wakati wa kupima sauti nikamwomba apige kama atakavyopiga usiku. Akapapasa nyuzi kama anayembembeleza mtoto alale. Nikamwambia, "Kaka, ndivyo utakavyopiga bibi harusi akiingia?" Akasema ndivyo. Mpiga besi yeyote hudanganya hapo. Geini ikipangwa kwa mkono laini, halafu usiku mtu akaanza kuzipiga nyuzi makofi kwa dole gumba, ishara inaruka mara kadhaa na hatua ya kwanza ya amplifaya inaanza kuklipu, yaani inazidiwa na sauti inakwaruza. Na besi yenyewe ilikuwa ya betri, volti 9, ambayo hutoa ishara kubwa kuliko ya kawaida. Kile kitufe cha kupunguza kwa ajili ya besi za betri kilikuwepo, pembeni ya tundu la kuingizia waya. Hakikubonyezwa.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Wachaga, kwa hiyo kulikuwa na keki na kulikuwa na ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimama na majani mdomoni. Kamati iliweka meza ya vyote viwili pembeni ya jukwaa kwa sababu ya picha. Pembeni ya jukwaa ndipo zilipokuwa sabufa zangu mbili za inchi 18. Nilisema. Mwenyekiti wa kamati akaniambia, "Fundi, wewe shughulika na mitambo."

Bibi harusi akaingia, vigelegele vikapanda, na mwenzetu akaona hajisikii. Ni kweli, hakuwa anajisikia. Boksi lilikuwa sakafuni nyuma ya ndama zake. Sauti za kati na za juu, zile zinazokuonyesha uko kwenye noti gani, hutoka mbele moja kwa moja. Zilikuwa zinayaimbia magoti. Badala ya kulinyanyua boksi akanyanyua geini, kutoka saa tano hadi saa nane, ukiisoma alama yake kama mshale wa saa. Taa nyekundu ya klipu, ambayo kazi yake ni kukonyeza, ikawaka moja kwa moja.

Kwangu chaneli ya besi ikajaa. Nikaipunguza. Sasa ikawa besi ya kukoroma, ila kwa sauti ya chini, maana ishara ikishaharibikia kwenye amplifaya yake, mikisa haina dawa. Mshereheshaji akasema kwa upole wa kulipwa, "Mpiga besi wetu, tunaomba upunguze kidogo." Akatii. Akashusha masta hadi sifuri. Boksi lake likanyamaza, ukumbi ukaendelea kunguruma vilevile, na yeye sasa hasikii chochote. Kwa hiyo akafanya nini? Akaongeza geini. Na besi kwenye toni, hadi mwisho. DI yake ilikuwa imewekwa baada ya toni, kwa hiyo nyongeza yote ile ilinifikia mimi, na kwa sabufa, na kwa keki. Uzi wa E wa besi unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Glasi zikaanza kugongana zenyewe. Juu ya keki, wale maharusi wa plastiki wakaanza kutembea. Bwana harusi alikuwa mbele.

Ndipo shangazi wa bibi harusi aliposimama.

Alipanda jukwaani na mkoba wake kwapani, akaenda hadi kwa mpiga besi, akasimama. Mwenzetu ana malezi, katikati ya wimbo, mikono yote kwenye nyuzi, akasema, "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Zima hicho kiredio." "Shangazi, ni..." Hakumaliza. Shangazi akashika waya akauchomoa kwenye gita.

Sasa, waya wa besi huchomolewa baada ya kubonyeza kitufe cha kunyamazisha, au geini ikiwa sifuri. Ukichomoa geini ikiwa imepita saa nane unapata mlipuko. PWAA! Lakini huo si mwisho, kwa sababu shangazi alibaki ameushika ule waya, dole gumba juu ya ncha ya plagi. Mwili wa binadamu unadaka umeme wa nyumba uliomzunguka, mizunguko 50 kwa sekunde, na ile ncha inaupeleka moja kwa moja kwenye geini. Ukumbi ukalia MMMMMMM. Kadiri alivyokaza kidole ndivyo ulivyolia. "Nimezima!" akapaza sauti. MMMMMMM. "Nimeshazima jamani!"

Mkono wangu ulifika kwenye kitufe cha kukata besi, na ukimya ukaingia. Ila bwana harusi wa plastiki alikuwa ameshaondoka. Tulimkuta kwenye sinia ya ndafu, kichwa chini, majani ya mbuzi kifuani. Bibi harusi alibaki juu ya keki peke yake, anatabasamu.

Wakati watu wanakula tukapanga upya. Masta sifuri. Toni zote katikati, saa sita. Sauti ya gita lenyewe yote. Kitufe cha besi za betri ndani. DI kabla ya toni, ili akichezea besi yake aichezee nyumbani kwake. Kisha apige kwa hasira zote alizonazo, na geini ipande taratibu hadi taa nyekundu ikonyeze kwenye makofi makali peke yake, halafu irudi nyuma kidogo. Ikaishia saa nne na nusu. Masta ndiyo ikaja mwisho, saa tatu tu ikatosha, kwa sababu boksi tulilipandisha juu ya kreti mbili za soda likamtazama masikio. Akapiga noti moja akageuka nyuma kuangalia nani mwingine anapiga.

Shangazi alifuata hatua zote hizo, sahani ya ndafu mkononi. Akauliza ipi ndiyo mbaya. Mpiga besi akamwonyesha geini, akamwonyesha na taa. Basi akavuta kiti, akakaa mbele kabisa ya jukwaa. Kofi moja likizidi, taa inakonyeza, kidole cha shangazi juu. Nina mita za mikisa za kunionyesha hayo, lakini niseme ukweli, yeye alikuwa na kasi zaidi.

Kwenye saa tano usiku kiti kikawa kitupu. Mpiga besi akanigeukia, mkono mmoja umeshaanza safari ya kwenda kulia.

"Fundi, shangazi kaondoka?"

Nikamwambia bado yupo, kaenda msalani tu. Akaurudisha mkono kwenye nyuzi.