Mchoro usioonyesha foleni

Ingia ofisi yoyote ya watengenezaji programu hapa Kisumu, kuanzia zile za Milimani zenye bustani hadi vyumba vilivyo juu ya maduka ya Oginga Odinga Street, na utaukuta ule mchoro. Visanduku vitano au sita, na mishale inayotoka kushoto kwenda kulia: mahitaji, usanifu, kuandika msimbo (maagizo ambayo kompyuta huyafuata), majaribio, kukabidhi. Kuna waliouchora kwa kalamu kwenye ubao mweupe, na kuna waliouchapisha kwa rangi wakautia fremu kama cheti cha usajili wa kampuni. Mimi siuamini. Visanduku vyenyewe havina ubaya, kwa sababu kila kimoja kinataja kazi ambayo kweli hufanywa. Ninachogombana nacho ni mishale. Mshale huchorwa kama uzi usio na urefu, ilhali kazi zetu nyingi huishi kwenye mshale muda mrefu kuliko zinavyoishi ndani ya kisanduku.

Chukua ombi la kawaida kutoka kwa chama cha ushirika cha maziwa, aina ya wateja tunaowapata sana kutoka Nandi na Kakamega. Mkulima huleta maziwa kila asubuhi, hupewa chakula cha ng'ombe kwa mkopo kutoka duka la chama, humwita daktari wa mifugo ambaye chama humlipa kwanza, na mwisho wa mwezi makato yote hutolewa kwenye hela zake. Chama kinataka taarifa ya mkulima ionyeshe kila kato kwenye mstari wake, maana wazee wamechoka kuona jumla moja kubwa isiyoeleza chochote. Mwandishi wa msimbo akiulizwa atasema kazi hiyo ni ya siku moja, mbili zikizidi. Na hadanganyi.

Sasa ifuate. Anapoanza tu, anakutana na swali: hela za maziwa zisipotosha kulipia makato yote, kinatangulia kipi, chakula au mkopo? Hilo si swali la programu, ni swali la kamati ya usimamizi, na kamati hukutana mara moja kwa mwezi. Kadi ya kazi hiyo, ile tunayoibandika kwenye ubao wa timu, inasubiri. Kamati ikishaamua, inahitajika data halisi ya duka ili tujaribu hesabu, na data hiyo iko nusu kwenye Excel ya mhasibu na nusu kwenye daftari la karani wa duka. Kadi inasubiri tena. Daftari likishanakiliwa, dada anayefanya majaribio yuko kwenye mifumo mingine miwili ya wateja wengine. Akishapata nafasi na kuridhika, meneja wa chama ndiye anayepaswa kusema sawa, na meneja anazunguka vituo vya kukusanyia maziwa ambako mtandao huja na kwenda. Halafu mwenyekiti anapiga simu: "Kijana wangu, ile ripoti iko wapi?" Ukimjibu ukweli, "Mzee, iko kwenu," anadhani unamkosea heshima.

Siku mbili za kazi zimekula mwezi na nusu. Ukiutazama mchoro wa ukutani, kisanduku cha "kuandika msimbo" ndicho kinachoonekana kimechelewa, kwa hiyo lawama inamwangukia mwandishi. Ni kama kumlaumu nahodha wa feri ya Luanda K'Otieno kwamba safari ya Mbita imekuchukua siku nzima, wakati muda wako wote uliumalizia gatini ukingoja zamu ya gari lako.

Mchoro huu tumeurithi kutoka mbali. Mwaka 1970 mhandisi wa Marekani, Winston Royce, aliyekuwa ameshughulikia programu za vyombo vya anga, aliwasilisha makala fupi kuhusu kusimamia mifumo mikubwa. Ndani yake mlikuwa na picha ya hatua zinazoshuka moja baada ya nyingine, picha ambayo baadaye ilikuja kuitwa maporomoko ya maji. Yeye mwenyewe hakutumia jina hilo. Na papo hapo, chini ya picha, aliandika kwamba kuifuata hivyo ilivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Kurasa zilizobaki zilikuwa za kueleza namna ya kuirekebisha: jenga mara mbili, mwingize mteja mapema na mara kwa mara. Watu wakaichukua picha, maonyo wakayaacha kwenye karatasi.

Ningedhani jambo hilo limekwisha, hasa tangu wale watengenezaji programu 17 walipokutana Snowbird, Utah, Marekani, Februari 2001, wakatoa tamko la ajaili, yaani la kutengeneza programu kidogo kidogo mteja akiwa karibu, ambalo kila mwombaji kazi siku hizi hulitaja kwenye wasifu wake. Lakini soma hati yoyote ya zabuni ya mfumo hapa nchini. Ripoti ya mwanzo, malipo. Hati ya mahitaji iliyotiwa sahihi, malipo. Usanifu, malipo. Kufunga mfumo na kufundisha watumiaji, malipo ya mwisho. Kisha ongeza kwamba mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na kila mtu anataka sahihi zipatikane kabla ya hapo. Unaweza kusimama kila asubuhi na timu yako mkizunguka ubao, mkaita wiki zenu mbili sprinti, lakini ikiwa hela huja kwa maporomoko, kazi nayo itakwenda kwa maporomoko. Mkataba ndio modeli halisi ya mchakato wenu. Ubao ni mapambo.

Kwa hiyo ninaposema tuchore upya, sina maana ya kununua programu nyingine ya kuchorea. Nimeona timu ya watu wanne ikitumia Jira, programu ya kufuatilia kazi, iliyowekewa hali za kadi nyingi kuliko idadi ya watu wenyewe: "imekaguliwa awali", "inasubiri ukaguzi wa pili", "imerudishwa kwa sehemu". Hakuna aliyekumbuka tofauti zake, na mwisho kadi zilisogezwa zote kwa pamoja Ijumaa jioni ili ripoti ipendeze. Huo si usimamizi, ni uigizaji wa kila wiki.

Ninachotaka kionekane ni foleni. Kila mahali kazi inapolala, pawe na safu yake ubaoni, yenye jina wazi la anayesubiriwa na tarehe ambayo kusubiri kulianza. "Inasubiri kamati, tangu tarehe 4." "Inasubiri daftari la duka, tangu tarehe 19." Ubao wa namna hiyo hauna sura nzuri na wateja hawaupendi, lakini kikao cha asubuhi kinabadilika mara moja. Badala ya kila mtu kusimulia alichofanya jana, mnaangalia kadi iliyokaa muda mrefu kuliko zote na kuulizana ni nani ana namba ya simu ya mtu anayeweza kuifungua.

Hesabu ya jambo hili si ngeni. Mwaka 1961 John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo mfanyabiashara yeyote wa soko la Kibuye anaifahamu bila kuisomea: wastani wa vitu vilivyomo kwenye mfumo ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila kitu hukaa humo. Igeuze. Timu ikiwa inamaliza kazi 5 kwa wiki, na ubaoni kuna kazi 40 zilizoanzwa, basi ilimradi mambo yanakwenda kwa kasi hiyohiyo, kazi itakaa humo wiki 8 kwa wastani. Punguza zilizoanzwa ziwe 15, inakuwa wiki 3. Hakuna aliyeongeza kasi ya kuchapa, hakuna aliyekesha. Mmeacha tu kuanzisha vitu msivyoweza kumaliza. Wajapani wa Toyota waliliona hilo kiwandani zamani, na kadi zao za kanbani zilikuwa na kazi hiyo hasa: sehemu inayofuata isipokuwa tayari kupokea, sehemu ya nyuma isizalishe.

Kuna hesabu nyingine inayowaudhi mabosi zaidi. Katika modeli rahisi kabisa ya foleni, ya mhudumu mmoja na kazi zinazofika bila ratiba, mhudumu anayeshughulika nusu ya muda wake hufanya kazi ikae kwake mara 2 ya muda wa kuihudumia, ukijumlisha na kungoja. Akishughulika 80% ya muda, inakuwa mara 5. Akifika 90%, mara 10. Akifika 95%, mara 20. Sasa mfikirie yule dada wa majaribio aliyegawanywa kati ya wateja watatu, ambaye msimamizi wake anajivunia kwamba hapumziki hata dakika moja. Kutopumzika kwake ndiko kunakochelewesha taarifa ya mkulima wa Kapsabet. Meneja aliyelelewa na imani kwamba mfanyakazi asiyeonekana na shughuli anamwibia hatakubali hili kirahisi, na sijapata maneno ya kumshawishi zaidi ya kumwekea tarehe za kadi mbele ya macho yake.

Kikomo cha kazi zilizoanzwa, yaani idadi ambayo kila safu ya ubao hairuhusiwi kuizidi, kina gharama yake, na sitaificha. Safu ya majaribio ikijaa, mwandishi wa msimbo haruhusiwi kuvuta kazi mpya. Anakwenda kusaidia kupima, au kumpigia karani wa duka. Waandishi wengi, hasa vijana waliotoka chuo juzi, huona wameshushwa cheo. Wanataka kuandika. Mmoja aliniambia hakusomea Maseno miaka minne aje kunakili daftari la chakula cha ng'ombe. Namwelewa. Bado nilimpa daftari, na akagundua humo kwamba duka huuza gunia moja kwa wakulima wawili, jambo ambalo hati ya mahitaji haikuwa imelitaja kabisa.

Mwaka 1987, kwenye mkutano wa kimataifa wa uhandisi wa programu, Leon Osterweil alitoa hoja ambayo mpaka leo naipenda: michakato ya kutengeneza programu nayo ni programu. Kwa maana hiyo inaweza kuandikwa kwa lugha rasmi, kujaribiwa na kurekebishwa kama msimbo wowote. Meir Lehman alimjibu katika mkutano huohuo kwa mashaka makubwa. Nikiangalia ofisi zetu, naona wote wawili wana sehemu yao. Sehemu ya Osterweil imetimia kuliko tunavyokiri. Kanuni kwamba hakuna msimbo unaoingia kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mfumo, bila kukaguliwa na mtu wa pili haihitaji tena bango ukutani. Iweke GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, na mashine itakataa. Majaribio yakishindwa, hakuna kupeleka kitu kwenye seva, hata mwenyekiti apige simu mara ngapi. Kila kanuni ambayo mashine inaweza kuisimamia ipewe mashine, maana mashine haioni haya kumkatalia mtu mzima.

Lakini kamati ya ushirika si kitendakazi, kile kipande cha programu kinachofanya kazi kila kinapoitwa. Huwezi kuiita ikarudisha jibu. Inakutana ikipata akidi, na wajumbe wakiwa na msiba kijijini, haikutani. Hapo ndipo michoro rasmi ya aina ya BPMN, alama sanifu za kuchorea hatua za kazi, inaponipoteza. Naitumia, na kwa furaha, kuelewa kazi za mteja: nani huidhinisha malipo, nani hutia sahihi ya pili, mkopo hukataliwa wapi. Kwa hilo ni chombo kizuri. Kuitumia kwa timu yetu wenyewe ya watu sita ni kupoteza wino. Sisi tunaonana kwa macho.

Kuhusu kuongeza watu mambo yakichelewa, Fred Brooks alishalimaliza mwaka 1975 baada ya kuusimamia mfumo endeshi wa kompyuta wa OS/360 huko IBM: kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wanafunzi wa mafunzo ya kazini wakija, wapewe kazi zao zenye mipaka yake, wasirushwe katikati ya moto.

Mabadiliko yaliyotusaidia kuliko ubao wenyewe yako kwenye mkataba. Kwanza tunamwomba mteja ataje mtu mmoja, kwa jina, mwenye mamlaka ya kuamua mambo madogo kati ya kikao kimoja cha kamati na kingine, na kiwango cha mambo hayo kiandikwe. Pili, swali letu likikaa siku 5 za kazi bila jibu, kadi inatoka ubaoni, na tarehe ya kukabidhi inasogea bila barua ya kuombana radhi. Tatu, malipo yafuate kitu kinachotumika, hata kikiwa kidogo: taarifa ya mkulima ikianza kutoka, ilipiwe. Vyama kadhaa vimekubali yote matatu. Vingine hukubali la kwanza na la tatu, kisha husoma la pili na kusema kamati itabidi ikae kwanza ilijadili.