Usiku wa Ijumaa

Saa nilizipata. Naomba hilo lieleweke mapema, maana pale Mkunguni, uwanjani mbele ya ngome ya Lamu, wako wanaosema mpaka leo kwamba programu yangu haikujua saa. Saa ilizijua. Kilichoiponyoka ni usiku.

Ilikuwa programu ya simu ya kukodi boti: Mokowe, Manda, Shela na gati la Lamu mjini. Jina lake silitaji, nimeshalifukia. Huku kwetu gari halipiti vichochoroni. Ni miguu, punda na boti, na ukitaka boti ya watu wengi lazima umjue nahodha anayemjua nahodha mwenziwe. Nikasema, biashara hii inaningoja mimi.

Miezi mitatu sikulala vizuri. Kuna watu hudhani kuzindua programu ni kubonyeza kitufe na kula halua. Niliipigia seva maombi elfu moja ya uongo kwa dakika moja, nione kama itazimia. Nikaijaribu kwenye simu kuukuu zenye vioo vya nyufa, maana ndizo wanazoshika manahodha. Nikakata intaneti katikati ya malipo nione pesa zinakwenda wapi. Nikaweka toleo la zamani pembeni, mambo yakiharibika nirudi nyuma mara moja. Wiki ya mwisho nikajipiga marufuku kugusa msimbo, hata nukta.

Na saa! Hapo ndipo nilipojiona bingwa. Simu husema 19:00, sisi husema saa moja usiku, na seva, iliyoko Ulaya, huhesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo kwake ni 16:00. Saa ile ile, majina matatu. Wengi wakifika hapo hukitupa Kiswahili baharini. Mimi nilikataa. Nikaandika: chagua siku, chagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha chagua saa. Nikafanya majaribio mia mbili na yote yakatoka sawasawa. Sikushangaa kwamba mjaribu alikuwa mimi na msahihishaji alikuwa mimi.

Aliyeuliza swali alikuwa ami peke yake, nahodha tangu sijazaliwa. Alivaa miwani, akaitazama simu kama anayekagua samaki wa jana.

"Usiku huu wa Ijumaa, mwanangu, ni upi?"

"Ni wa Ijumaa, ami."

"Nauliza upi."

"Ijumaa, ami! Usiku wake."

Akanirudishia simu. "Haya. Weye ndiwe msomi."

Mimi, mjinga, nikaihesabu ile kuwa ni radhi. "Haya" ya mzee wa Lamu haijawahi kuwa radhi.

Uzinduzi niliupanga Ijumaa baada ya swala, pale mbele ya ngome, watu wakiwa wamejaa. Waandishi wa programu duniani kote huonyana wasizindue siku ya Ijumaa, kwa sababu ikiharibika wikendi yote imeliwa. Nikawacheka, hawana halua wale. Nikaagiza fulana 30, na siku chache kabla nikaifungulia programu jamaa zangu waanze kuitumia.

Wa kwanza alikuwa shangazi. Arusi ilikuwa mtaa wa Mkomani, wageni wanatoka Malindi kwa basi la kukodi: wanawake 40, boti tatu, Mokowe mpaka mjini. Siku: Ijumaa. Wakati: usiku. Saa: moja. Nikakipiga picha kile kioo na kuituma kwa kila mtu niliyesoma naye.

Alhamisi, maghribi imeshaswaliwa, nimeketi nakunja fulana. Simu ikalia.

"Masalkheri, shangazi."

Hakuitika. "Boti ziwapi?"

"Boti gani?"

"Boti za usiku wa Ijumaa!"

"Shangazi, leo ni Alhamisi."

"Jua limetua, halikutua?"

"Limetua."

"Basi?"

Fulana ikanianguka mkononi. Kwetu usiku hutangulia mchana. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia, na usiku wa Ijumaa ndio ule ule. Mimi nimekulia humo! Kila usiku wa Ijumaa nyumbani kwetu husomwa Yasini, na katika maisha yangu yote haijasomwa Ijumaa jioni hata mara moja. Nilikumbuka saa za Ulaya nikasahau usiku wa nyumbani kwa mamangu.

Kule Mokowe wanawake 40 walikuwa wamesimama gatini na masinia ya mahamri, bibi mmoja ameketishwa juu ya kreti ya soda, na basi limekwishaondoka. Shangazi alikuwa akiizungusha simu mkono kwa mkono, kila mtu asome mwenyewe jibu la programu yangu, lililoandikwa kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Safari yenu ni kesho. Karibuni sana."

Nikakimbia mpaka ufuoni. Maji yamekupwa, boti zimelala kwenye tope kama punda waliochoka. Yangu macho. Kumbe chombo cha ami kilikuwa kikielea mbali kwenye maji mengi, na ami mwenyewe ndani yake, taa inawaka.

"Ulijuaje, ami?"

"Arusi naijua. Nimealikwa." Akawasha injini.

Aliwavusha kwa safari tatu. Sikupanda. Nilisikia vigelegele vikija kutoka majini, na kati ya vigelegele, jina langu.

Kabla ya alfajiri Mkomani yote ilikuwa na habari, na Langoni ikaipata kwa chai. Uzinduzi ulifanyika, halua ililiwa mpaka sinia likang'aa, fulana ziliisha, na aliyeipakua programu alikuwa mmoja, naye ni mtoto, aliitaka kwa sababu ya picha ya jahazi.

Katika kizaazaa kile sikuifuta safari ya shangazi. Ijumaa, saa moja usiku kamili, bila kukosea hata dakika, programu yangu ilipeleka boti tatu Mokowe. Walingoja muda mrefu, kisha nahodha mmoja akanipigia.

"Bwana, arusi iko wapi?"

Nikamwambia mafuta nitalipa mimi, ya boti zote tatu, lakini arusi ilikuwa jana.

Kimya kidogo.

"Jana ipi?"