Mita 60, kuanzia wapi?

Mama mdogo wangu alikuwa akianika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, vichanja vyake vikiwa hatua chache tu kutoka majini. Ziwa lilipoanza kupanda mwaka 2020 akavisogeza nyuma. Mwaka uliofuata akavisogeza tena. Mara ya tatu hapakuwa na pa kusogea, maana nyuma yake zilikuwa nyumba za watu, nazo zimekwisha kuingiwa na maji. Tumezoea mafuriko ya mvua ya usiku mmoja, asubuhi watu wanachota tope na maisha yanaendelea. Haya yalipanda polepole, kisha yakakaa.

Tangu hapo kila mkutano wa mtaa unazungumzia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila naomba nijibiwe: mita hizo zinaanzia wapi? Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, kule upande wa Kongo. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, mlango huo hautoshi. Ukingo unaoupima leo kiangazi, kesho uko chini ya mtumbwi.

Nenda Ujiji, pale kwenye mnara wa Livingstone. Stanley alipomkuta hapo mwaka 1871, ziwa lilikuwa karibu. Leo ukitaka kunawa miguu ziwani itabidi utembee. Enzi zile Lukuga ulikuwa umeziba na maji yalikuwa juu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kikavunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Kwa hiyo baadhi ya viwanja tunavyogombania leo vilikuwa ziwa wakati wa babu wa babu zetu.

Maoni yangu ni kwamba manispaa ipime kuanzia pale maji yalipofika juu kabisa miaka hii, iweke bikoni zinazoonekana, na ukanda ule usijengwe nyumba. Ubaki wa mitumbwi, miti na vichanja vinavyohamishika. Wanaokaa pale wapewe viwanja vya juu kabla maji hayajawafikia, na njia yao ya kushukia mwaloni iachwe wazi. Hawakujenga pale kwa ujinga. Mvuvi anayetoka usiku na mama anayepokea dagaa alfajiri hawawezi kuishi mbali na kazi yao.

Wapo wanaosema mambo ya tabianchi ni ya majiji makubwa kama Dar es Salaam, kwamba moshi wetu sisi ni mdogo. Ni mdogo kweli. Lakini udogo wa mji wetu ndio nafasi yetu: kuuacha ukanda wazi sasa ni nafuu kuliko kuja kubomoa maghorofa.

Na moshi wetu tunaujua unakotoka. Majenereta ya dizeli yaliyotuwashia taa kwa miaka mingi ni sehemu moja. Sehemu inayoniuma zaidi ni mkaa. Vilima vinavyozunguka mji vinabaki uchi, mvua ikinyesha udongo wote unateremka mitaroni hadi ziwani. Mti uliobaki mlimani unashika hewa ya ukaa na unashika udongo, kazi mbili kwa mara moja. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Sawa, lakini mkaa unauzwa kwa kopo, na mtungi wa gesi unajazwa mzima. Mama anayepata fedha ya siku kwa siku atanunua kopo. Mpaka gesi nayo iuzwe kwa kipimo cha kopo, hata hapa Mwanga na Gungu, tutaendelea kuhubiriana tu.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena. Mama mdogo alichukua rangi nyeupe akapiga mstari kwenye shina la mwembe, pale maji yalipoishia. Mstari bado upo. Nawaomba wapima ardhi, wakija na kamba zao, waanzie hapo.