Sifa za Kambi Ukizichukua, Chukua na Majivu Yake

Mwulize mchezaji yeyote wa kambi ya Horde katika gemu la World of Warcraft kuhusu kuchomwa kwa mti wa Teldrassil, atakujibu kabla hujamaliza swali: "Sylvanas ndiye aliyetoa amri, kaka. Mimi nilikuwa nafuata misheni tu." Jibu hilo nimelisikia mitaa ya Mwanza, Nyegezi na Igoma, na ingawa nacheza upande huohuo, nalikataa. Sitaki mtu akose usingizi kwa ajili ya mti wa kuchorwa. Ninachosema ni kwamba mhusika wako anawajibika kwa aliyoyafanya, na wewe uliyemtengeneza huwezi kumtetea kwa hoja ambayo unaisahau kila anapopewa medali.

Kwa ambaye hajawahi kulicheza: World of Warcraft lilitoka Novemba 2004, na tangu siku ya kwanza ulimwengu wake una kambi mbili, Horde na Alliance. Ukichagua kuwa orc au troll, umeshakuwa Horde. Ukichagua binadamu, wewe ni wa Alliance. Katikati ya 2018, muda mfupi kabla ya toleo la Battle for Azeroth, kiongozi wa Horde aitwaye Sylvanas Windrunner alivamia ardhi ya Night Elf, jamii mojawapo ya Alliance. Wachezaji wa Horde wakapewa misheni za kufungua njia: ua walinzi hawa, songa mbele, ua na wale, mpaka pwani ya Darkshore. Ng'ambo ya maji ulisimama Teldrassil, mti mkubwa kiasi cha kubeba mji mzima. Mpango ulikuwa kuuteka. Jeshi lilipofika, Sylvanas akaamuru uchomwe moto, raia wakiwa ndani. Mchezaji wa Alliance naye akapewa dakika tatu za kuokoa watu katika mji unaoungua, na hesabu ilipangwa ili ashindwe.

Hapo ndipo utetezi wa Horde unapopata nguvu, maana ni kweli hapakuwa na kitufe cha kukataa. Ama unaendelea, ama unazima kompyuta ukalale.

Lakini msikilize mchezaji huyohuyo akisimulia mambo mengine. "Nilimuua Lich King," yaani yule mfalme wa wafu. Hasemi aliamriwa. Hasemi kwamba kuna waandishi waliokaa ofisini wakaamua Lich King lazima afe, hata yeye asingenunua gemu. Alimuua yeye, alikuwepo, na cheo cha Kingslayer, muua mfalme, kinaning'inia kwenye jina lake ili kila apitaye akione. Ikija zamu ya Teldrassil, bwana huyu hayupo tena. Mti "uliungua". Watu "walikufa". Na yeye alikuwa wapi? Kuna aliyeniambia, bila haya, kwamba mhusika wake siku hiyo alikuwa anavua samaki. (Ndiyo, gemu lina uvuvi. Kwa nini mtu aliyekulia Kirumba, pua na mdomo na soko la samaki la Mwaloni, anunue bando ili akavue samaki wa kompyuta, hayo tumwachie yeye.) Ukifungua orodha ya misheni zake, zote za Darkshore zimekamilika na malipo yalipokelewa.

Daftari ni moja. Kama waandishi ndio wanaobeba lawama za Teldrassil, basi na Lich King waliua wao, na cheo kirudishwe.

Waandishi wenyewe wanaujua udhaifu wetu huu. Katika Wrath of the Lich King, toleo la Novemba 2008, kuna misheni kule Borean Tundra ambayo mchawi wa Kirin Tor, chama cha wachawi, anakueleza kwamba kanuni zao haziwaruhusu kumtesa mfungwa. Kisha anakukabidhi wewe kifaa cha kumtesea. Unamchoma mfungwa mpaka aseme, unarudi, unalipwa. Richard Bartle, ambaye mwaka 1978 yeye na Roy Trubshaw walitengeneza MUD pale Chuo Kikuu cha Essex, babu wa magemu haya yote, aliilalamikia hadharani misheni hiyo. Na hapa utetezi wa "sikuwa na njia" haupo kabisa. Ungeweza kuiacha, ukakosa misheni chache zinazoifuata na zawadi zake. Kwenye kundi letu, kila aliyepita Borean Tundra aliikamilisha, na wengi hawakumbuki hata ilihusu nini. Tulifuata nyuki tukala asali. Tusishangae tukiulizwa mzinga ulikuwa wa nani.

Na sisi wa Usukumani tusijifanye mambo ya kambi ni mageni. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa huku wamegawanyika Bagika na Bagalu, kwa sababu ya waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani dawa yake ina nguvu zaidi. Mpaka leo, mavuno yakishaingia ghalani, pande hizo mbili zinapambana, na kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora zinakutana mbele ya umma. Wanacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanapiga kura kwa miguu: kulikojaa watu ndiko kulikoshinda. Kuna nyoka, kuna nungunungu, kuna dawa za kuvuta umati, na kuna nyimbo za kumchana mpinzani mpaka aone haya kurudi kwao. Ningi ndiye anayetunga wimbo, lakini wimbo wa ningi peke yake ni mtu mmoja anapiga kelele uwanjani. Unakuwa silaha wafuasi wanapoitikia. Mjomba wangu ni Bagika wa kufa na kupona, na sijawahi kumsikia akisema yale matusi yalikuwa ya ningi, yeye aliitikia tu. Anayaimba mpaka leo huku anacheka. Akikutana na mzee wa Bagalu aliyeimbwa humo, anamnunulia soda, wanayarudia maneno pamoja, wanabishana nani alishinda mwaka ule.

Huo ndio uanachama wa kambi ninaouelewa. Uliitikia, basi ni wako pia.

Lipo jambo zito zaidi, na nitalipita kwa adabu kwa sababu wafu wa kweli hawalinganishwi na wafu wa kompyuta. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa 1994 na kufanya kazi Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ilikuwa na kifungu katika sheria yake ya msingi: amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ila inaweza kufikiriwa katika kumpunguzia adhabu. Naazima kanuni hiyo tu, kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo mabishano yetu huyachanganya kila siku. Orc wangu ni askari wa miguu. Sylvanas hajui hata jina lake. Hawezi kupimwa sawa na aliyetoa amri. Apunguziwe, sawa kabisa. Lakini apunguziwe akiwa kizimbani, si akiwa anavua.

Na nafasi ya kukataa ilikuja. Baadaye ndani ya toleo hilohilo wachezaji wa Horde waliruhusiwa kuchagua: kumfuata Saurfang, jemadari mzee aliyeona aibu ya yaliyotendeka, au kubaki na Sylvanas. Watu wakalalamika kwamba uchaguzi huo ni wa bure, kwa sababu ukichagua hiki au kile, mkasa mkuu ni uleule: Saurfang anauawa mbele ya malango ya Orgrimmar, Sylvanas anaondoka zake. Mimi niliupenda kwa sababu hiyohiyo. Mhusika anayekataa huku akijua kukataa kwake hakutazuia chochote, huyo ndiye ninayemwamini. Anayekataa kwa sababu upande wa pili una zawadi nzuri zaidi, tunamjua, tunaishi naye mtaani.

Nikiri kwamba yupo mmoja ninayemkubalia aseme hakuwepo. Toleo la Mists of Pandaria la 2012 lilileta jamii ya Pandaren, ambao wanaanza maisha bila kambi, kwenye kisiwa kilicho mgongoni mwa kobe mkubwa. Ukitaka kutoka pale, lazima uchague Horde au Alliance. Kuna mchezaji aliyegoma. Akabaki kisiwani anachuma mitishamba na kuchimba madini, siku nenda siku rudi, mpaka akafika levo ya juu kabisa ya wakati ule. Hakuona miji, hakuona vita, hakupata cheo. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kutokuwa na kambi, na ni wazi kwa nini sisi wengine hatukuilipa.

Nisichanganye haya na madhambi ya mchezaji mwenyewe. Septemba 2005 ugonjwa uliokusudiwa kubaki ndani ya mji wa magofu wa Zul'Gurub ulitoroka, ukaingia mijini, na baadhi ya wachezaji wakawa wanaubeba makusudi kwenda kuwaua wenye levo ndogo. Wengine walijitolea kuwatibu. Hapo hapakuwa na Sylvanas wala misheni. Aliyeharibiwa jioni yake alikuwa mtu wa kweli aliyekaa mbele ya kompyuta ya kweli, kwa hiyo hapo simwiti mhusika. Namwita mwenye kidole.

Sasa turudi kwa waandishi, maana nao wana deni. Novemba 2023 Night Elf walikuwa na mti mpya, Amirdrassil, na joka la moto Fyrakk likaja kuuchoma. Kambi zote mbili zikaitwa kuulinda, zikashinda. Orc wangu, yuleyule aliyefungua njia ya Darkshore, akahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa mti, na hakuna Night Elf hata mmoja aliyemuuliza ule wa kwanza alikuwa wapi. Na si kwamba gemu halina kumbukumbu. Seva inajua kila misheni niliyowahi kukamilisha. Wenye maduka wanajua sifa yangu kwa watu wao na wanapanga bei kwa kuifuata. Uwezo upo, umetumika kwenye bei za viatu.

Ninachotaka kingeandikwa kwa siku moja. Mlinzi mmoja langoni mwa Amirdrassil aifungue orodha yangu, aone Darkshore imekamilika, anizuie. Nipewe majibu mawili ya kuchagua: "Niliamriwa," na "Nilikuwepo." Atakayechagua la kwanza azungukie lango la nyuma, kila siku, milele. Atakayechagua la pili apewe jembe na miche, aanze kazi, bila malipo, bila cheo. Kwa misheni hiyo nitalipia mwezi mzima, na umeme ukikatika katikati nitaianza upya.