Jimbo Langu Lilivyomla Rais Wangu

Nilianza na bendera. Kila anayebuni jimbo huanza na bendera, maana bendera haidai bajeti wala haihitaji sensa. Jioni nzima nilihangaika na nyota 51, hamsini za majimbo ya Marekani na moja ya jimbo langu la kubuni, mpaka nikagundua kwamba zinakaa vizuri mno: mistari sita, wa kwanza nyota tisa, wa pili nane, tisa, nane, hivyo hivyo hadi chini. Tisa na nane ni 17, mara tatu, 51. Hesabu hiyo niliirudia mara mbili na kuihakiki kwa kidole. Nayasema haya mapema ijulikane kwamba kuna siku katika maisha yangu niliwahi kujumlisha vizuri.

Tuko saba, na kazi yetu ni kujenga Marekani ambayo haikuwahi kuwapo. Mmoja anaandika vita, mwingine mikataba. Kuna dada anayeandika mambo ya Ikulu: nani kalala chumba gani, nani kanuniana na nani, mapazia ya ofisini rangi gani. Kuna Mzee Kanuni, ambaye ameisoma Katiba ya Marekani kuliko Wamarekani wengi na hakuna anayemlipa. Sheria ya kundi ni moja tu: jambo likishapitishwa, limetokea. Halifutwi. Ukikosea, kosa lako linageuka historia, na wenzako wanalibeba kama raia wanavyobeba makosa ya serikali za kweli.

Jimbo langu niliita Sequoyah, na wala sikulitoa kichwani. Mwaka 1905 mataifa matano yaliyokuwa mashariki ya Oklahoma ya leo, yaani Wacherokee, Wachoctaw, Wachickasaw, Wamuscogee na Waseminole, yaliitisha mkutano mjini Muskogee, yakaandika katiba ya jimbo lao, yakachagua Fort Gibson kuwa makao makuu. Jina walilipa la Sequoyah, Mcherokee aliyeiundia lugha yake maandishi. Novemba wananchi wakapiga kura: zaidi ya 56,000 ndiyo, kama 9,000 hivi hapana. Wakubwa wa Washington hawakutaka hata kusikia, na mwaka 1907 eneo lote likafungwa pamoja na jirani yake likawa Oklahoma. Katika dunia yetu sisi, Washington ilikubali.

(Mwenye akili atauliza: jimbo zima liingie mwaka 1907, halafu miaka mia na ushee majimbo mengine yote yabaki na kura zile zile za urais? Ndiyo. Tulichoka. Usiulize tena.)

Sasa, kulikuwa na mpinzani. Mwenzetu mmoja alitaka Absaroka. Nayo ni ya kweli: mwaka 1939 watu wa Sheridan, Wyoming, na majirani zao walichoka kupuuzwa wakatangaza jimbo lao, kipande cha Wyoming, kipande cha Montana, kipande cha South Dakota. Walitengeneza hadi vibao vya namba za magari na wakamchagua mlimbwende wa jimbo. Bwana Absaroka, kama tulivyomzoea, alikuja kikaoni na mchoro wa kibao cha namba kwenye bahasha. Alikuwa ameupaka rangi kwa mkono.

Kundi liliamua kwamba litapita jimbo moja tu. Nikasimama na Ibara ya Nne ya Katiba: hukati jimbo kutoka ndani ya jimbo jingine bila ridhaa ya bunge la jimbo hilo. Absaroka inahitaji ridhaa tatu. Langu mimi lilitoka kwenye eneo ambalo halikuwa jimbo, halina wa kumwomba ruhusa. Kura zikapigwa, nne kwa tatu. Ile ya nne ilikuwa yangu.

"Sawa, chifu," akasema, akirudisha kibao chake kwenye bahasha taratibu. "Sawa tu."

Mswahili akisema "sawa" mara moja, amekubali. Akiongeza "tu", hama nyumba.

Nikakabidhiwa uchaguzi wa urais wa 2016. Nilibuni mgombea kutoka Sequoyah, mama mmoja wa makamo, aliyekuwa gavana, na kabla ya siasa nikampa kazi ya kufundisha. Alifundisha hesabu. Nawaapia sikuwa natania.

Sikutaka ashinde kirahisi. Nilitaka uchungu. Al Gore mwaka 2000 alikataliwa na Tennessee, kwao, na kura za Tennessee ndizo zingempeleka Ikulu. Lakini James Polk mwaka 1844 naye alikataliwa na Tennessee hiyo hiyo na bado akashinda, na Woodrow Wilson mwaka 1916 aliangushwa New Jersey alikokuwa gavana, akashinda vile vile. Nikasema wangu atakuwa wa kundi la Polk na Wilson: nyumbani wamkatae, nchi imkubali. Nikaandika usiku mzima wa matokeo. Yuko chumbani Fort Gibson, televisheni inatangaza kwamba Sequoyah imekwenda kwa mpinzani, anavua viatu, anavipanga sawasawa chini ya kiti kama mtu anayekwenda kulala. Watu wake wanakwepa kumtazama. Halafu alfajiri jimbo la mwisho linaingia. 270. Siyo 271, siyo 290. Kura 270 kamili za wajumbe wa majimbo, wale wanaomchagua rais, kwa 268 za mpinzani.

Nilitokwa na machozi kwa kitu nilichokiandika mwenyewe.

Kundi likapitisha kwa kauli moja, na Bwana Absaroka akanyoosha mkono wa kwanza. Hilo peke yake lingenishtua kama ningekuwa mtu mwenye akili timamu. Wenzangu wakaanza kujenga juu yake. Dada wa Ikulu akamwapisha, akamnunulia mbwa, akabadilisha mapazia yakawa ya kijani kibichi na kueleza sababu kwa kurasa nne. Wa mikataba akamsainisha mkataba wa uvuvi. Mama yangu alikuwa na miaka miwili madarakani, mvi mbili mpya, na mbwa mnene.

Ndipo siku moja, tunakaribia kufunga kikao, Bwana Absaroka akakohoa.

"Samahani, chifu. Kura za wajumbe kwa jumla ni ngapi?"

"538." Hiyo kila mtu anaijua.

"Na majimbo yetu?"

"51."

"Maseneta je?"

"Mia m..." nikasema, na neno likakwama katikati.

Wasioijua hesabu hii, ndivyo ilivyo. Kila jimbo lina wajumbe sawa na wawakilishi wake jumlisha maseneta wake. Wawakilishi wa nchi nzima ni 435, sheria imewafungia hapo. Maseneta ni wawili kila jimbo, kwa hiyo 100 kwa majimbo 50. Wilaya ya Columbia, ulipo mji mkuu, ina watatu tangu Marekebisho ya 23 ya Katiba, mwaka 1961. Jumla 538. Oklahoma ya kweli ina saba: wawakilishi watano, maseneta wawili. Mimi nilipoipasua, nilichukua saba nikaikata kama fundi anayekata kitambaa, nne Oklahoma, tatu Sequoyah, nikaendelea na mambo ya viatu na machozi. Lakini seneta si kitambaa. Wawakilishi watano unaweza kuwagawa, watatu huku wawili kule. Maseneta wanakuja wawili wawili na kila jimbo jipya, upende usipende. Oklahoma tano, Sequoyah nne. Tisa.

Kura mbili zilikuwa zimezagaa tu nchini hazina mwenyewe. Na majimbo yote mawili nilikuwa nimempa mpinzani, kwa sababu nilitaka uchungu.

"268 na mbili," akasema Bwana Absaroka, kwa upole wa daktari aliyeshika picha ya eksirei. "270 kwa 270. Na Katiba inataka zaidi ya nusu, siyo, Mzee?"

"271," akasema Mzee Kanuni. Kwa kweli alionekana kufurahi. Miaka yote alikuwa akisubiri mtu amfikishe kwenye Marekebisho ya 12.

Dada wa Ikulu akanigeukia. "Ina maana huyu mama hakuwahi kuwa rais?"

"Kitaalamu..."

"Mbwa je?"

Nilipigana, msidhani sikupigana. Nikapendekeza mjumbe mmoja wa mpinzani abadili mawazo. Mzee Kanuni akasema majina na misimamo ya wajumbe wote ilishapitishwa, na aliyeyaandika ni mimi. Nikakumbuka kwamba Nebraska na Maine hugawa baadhi ya kura kwa wilaya za uchaguzi, nikasema basi tuhesabu upya ile wilaya ya Omaha, kura moja inatosha. Wa vita akafunua faili akasoma kwa sauti: "Omaha ilisherehekea hadi asubuhi." Wilaya hiyo nilikuwa nimeshampa mgombea wangu. Nilikuwa nimeshampa kila kitu kilichowezekana na bado akabaki na 270.

Basi tukaingia Baraza la Wawakilishi, ndiko Marekebisho ya 12 yanakokupeleka. Kura za wajumbe zisipompa mtu zaidi ya nusu, Baraza ndilo linalochagua, lakini kila jimbo linapiga kura moja tu: California na wawakilishi wake 53 wa wakati ule ni sawasawa na Wyoming na mmoja wake. Ndivyo John Quincy Adams alivyopita mwaka 1825 akiwa na kura 84 za wajumbe, Andrew Jackson mwenye 99 akabaki ameduwaa. Tukakata vipande 51 vya karatasi, tukavitandaza sakafuni, tukapiga magoti. Watu wazima saba, tunasukuma karatasi kushoto na kulia. Ilihitajika majimbo 26.

Kushoto 25. Kulia 25. Katikati pakabaki karatasi moja, na mwandiko ulikuwa wangu.

Sequoyah ina wawakilishi wawili. Aliyewachagua ni nani? Mimi. Nilikuwa nimewapa mmoja wa kila chama, "kwa ajili ya mizani", na nikaandika makala nzima ya kusifu hekima ya wapigakura. Mmoja nilimweleza kuwa mtu "asiyebadili msimamo tangu azaliwe". Wa pili, kwa kukosa ubunifu, nikaandika "naye ni vivyo hivyo". Kura moja kwa kura moja ni sare, na jimbo lililofungana halihesabiwi popote. Mwaka 1801 Baraza lilipiga kura mara 36 ndipo Jefferson akampita Burr. Sisi magoti yaligoma mara ya tano.

"Ikifika Januari 20 hakuna rais," akasema Mzee Kanuni, na sauti yake sasa ilikuwa inaimba kabisa, "Marekebisho ya 20 yanasema makamu wa rais aliyechaguliwa anakaimu. Na makamu anachaguliwa na Seneti. Maseneta 102, zinahitajika 52."

Chama cha mpinzani kilikuwa na 52. Msiniulize nani aliandika Seneti.

"Basi kaimu rais ni mgombea mwenza wa mpinzani," nikasema. "Nani huyo, hata simkumbuki."

Kimya.

Ndipo nilipokumbuka. Wakati wa kampeni nilihitaji mgombea mwenza haraka, nikauliza kama kuna mtu ana mhusika wa akiba. Bwana Absaroka akanipa mmoja. Seneta wa Wyoming, mfuga kondoo, mtu mkimya. Nilimpokea kwa mikono miwili bila kufungua wasifu wake. Tukaufungua sasa. Mstari wa kwanza ulisema: "Tangu ujanani ana ndoto moja."

Hotuba yake ya kwanza kama kaimu rais ilikuwa tayari imeandikwa, kurasa sita, na tarehe ya faili ilikuwa ya siku ileile tulipopiga ile kura ya nne kwa tatu. Mabunge ya Wyoming, Montana na South Dakota yalitoa ridhaa "kwa furaha" ndani ya wiki moja. Kundi lilipopiga kura kuipokea Absaroka nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, maana sikuwa na uso wa kufanya vingine. Dada wa Ikulu alishusha mapazia ya kijani bila kunisemesha. Mbwa alimhamishia Fort Gibson, akaandika kwamba amekonda.

Kibao cha namba kilitoka kwenye bahasha. Nakiri ni kizuri.

"Chifu," akaniambia Bwana Absaroka wakati tunaondoka, "naomba unisaidie bendera. Wewe una mkono."

Nyota 52. Nilijaribu mistari minne ya nyota 13, ikawa kama reli. Nikahangaika mpaka ikakaa: mistari minane, saba, sita, saba, sita. Kabla sijamtumia nikaandika pembeni kwa herufi kubwa, kabla hata hajaniuliza: maseneta 104, jumla 542, ushindi 272. Nikarudia kwa kidole.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili.

"Nzuri sana, asante. Jambo dogo tu. Absaroka inahitaji mwakilishi wake mmoja, na 435 haiongezeki. Wyoming, Montana na South Dakota, kwa mgao wa 2016, wana mmoja mmoja, hawapunguziki. Nimepiga hesabu mara tatu, chifu. Anatoka Sequoyah."