Chagos: Mwenye Kisiwa Hakuulizwa

Hapa Bagamoyo, ukitaja Chagos barazani utajibiwa jambo moja tu: Mwingereza arudishe cha watu. Nami naanzia hapohapo. Visiwa vile vya Bahari ya Hindi vilimegwa na Uingereza kutoka Morisi mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wake, na mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji 13 kwa 1, ikasema Uingereza iondoke upesi iwezekanavyo. Serikali ya chama cha Labour cha Uingereza ilipotia saini Mei 2025 mkataba wa kuirudishia Morisi visiwa hivyo, huku Uingereza ikikodi kambi ya kijeshi ya kisiwa cha Diego Garcia, iliwaambia wabunge kuwa bila makubaliano kambi hiyo ingeandamwa na kesi. Hoja ina uzito.

Waliopinga bungeni tumewabandika wote jina la wakoloni. Wapo wanaostahili. Tena wa chama cha Conservative wanachekesha, maana mazungumzo yalianza Novemba 2022, wao wakiwa madarakani. Kelele zao za kodi ya kambi, wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka, wamalizane na walipakodi wao. Lakini katika kelele hizo limo swali moja ambalo sisi wa pwani hii tulipaswa kuwa wa kwanza kulidaka: Wachagos waliulizwa lini?

Mwaka 1965 London iliilipa Morisi pauni milioni 3 ili visiwa vimegwe. Wakazi hawakuitwa, kufikia 1973 wote walikuwa wamehamishwa, wengi wakitupwa Morisi na Shelisheli. Nikiisoma hiyo milioni 3 naiona milioni 4 yetu. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani hii kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50. Watu wakakataa, kiongozi wao Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka uliofuata kodi ikageuka mauzo: marki milioni 4. Kwenye karatasi mambo yalikuwa safi, Sultani na Mjerumani wamekubaliana. Mzee gani wa Bagamoyo aliitwa kusikiliza bei?

Watetezi wa mkataba hujibu kwamba haya ni mazungumzo ya dola na dola. Kisheria sawa, ila hata Sultani angejibu hivyohivyo. Mkataba unairuhusu Morisi kurudisha watu kwenye visiwa vingine, hauilazimishi. Diego Garcia yenyewe, walikozaliwa wengi, imefungwa. Usiku wa kuamkia saini, wanawake wawili wazaliwa wa kisiwa hicho walipata zuio la mahakama, likaondolewa baada ya saa chache.

Ni kweli Wachagos hawako kauli moja. Olivier Bancoult, aliyepigania haki yao mahakamani miaka mingi, aliupokea mkataba kwa furaha. Basi hiyo ndiyo sababu ya kuwapigisha kura, kuanzia Port Louis huko Morisi mpaka Crawley, mji wa Uingereza wanakoishi wengi wao. Kura ingechukua miezi. Mkataba ni wa miaka 99.