Boti nyingi ndogo ama meli moja kubwa?

Ukikaa maskani yoyote huku Likoni, Mombasa, na pawe na mtu anayejuajua mambo ya Nevi, jeshi letu la majini la Kenya, huu ubishi hauishi: serikali inunue meli kubwa, ama pesa zigawanywe kwa vikosi vidogo vya boti za mbio, wapiga mbizi na madaktari wanaoweza kutoka saa yoyote nchi jirani ikipatwa na kimbunga au maharamia. Mimi nipo upande wa vidogo, ila si kwa moyo wote, manake kuna kitu watetezi wake hukiruka.

Hoja wanayo. KNS Jasiri, meli ya kivita ya Nevi, mkataba wake ulisainiwa 2003 na meli ikaja kufika Mombasa 2012, katikati yake malumbano ya bei mpaka watu wakachoka. Dhoruba haikungoji hivyo bana. Tena una meli moja na ikipandishwa chelezoni kutengenezwa huna kitu, una boti sita mbili zikiharibika zimebaki nne. Na ukubwa hausaidii kila msiba. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwa feri hapa kivukoni, na kambi ya Nevi ya Mtongwe ipo pua na mdomo, lakini miili ya mama na mtoto wake ikatolewa 11 Oktoba. Gari lilikuwa chini kama mita 58, mkondo unavuta, giza huoni hata mkono wako, hapo mzinga wa nini? Kilichotakiwa ni wapiga mbizi wa kina kirefu na mitambo yao.

Sasa Machi ya mwaka huohuo kimbunga Idai kikapiga Beira, Msumbiji. Kati ya waliofika mapema kutoka nje ni meli 3 za jeshi la majini la India ambazo tayari zilikuwa baharini zikageuzwa njia, zina chakula, madaktari, helikopta. Boti kutoka Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, ni kama maili 1,000 za bahari, ingefika (kama ingefika) tanki tupu, mabaharia hoi, msaada wenyewe katoni chache. Na kusi likikaza Juni Julai hata wavuvi wetu hawatoki nje ya mwamba, sembuse hizo boti ndogo za faiba. Kwa hiyo boti sawa, ila ziwe na meli moja ya kuzibeba, hata ya mtumba.

Halafu amri inatoka kwa nani? Makubaliano ya Djibouti ya 2009 yanasaidia nchi kupeana habari za maharamia, lakini habari si kikosi. Tuseme feri imezama usiku karibu na Pemba kama Spice Islander 2011, boti yetu inangoja Nairobi iulize Dodoma, Dodoma iulize Zanzibar, na mtu yupo majini ameshika godoro. Ruhusa hiyo isainiwe mapema, pamoja na nani analipa mafuta, na injini ziwe aina moja fundi wa Tanga aweze kufungua ya Mtongwe. Mimi ningeanza na Kenya na Tanzania tu, zoezi la kuokoa watu wakati wa kusi lenyewe, si Januari bahari ikiwa imelala, kisha ndo tuongee habari ya kununua.